Unaenda Kumwona Mwandishi Unayempenda? Jiandae Hivi

Watu wengi huenda kwenye uzinduzi wa kitabu kama wanavyokwenda harusini: wanapendeza, wanaketi, wanakula sambusa, wanapiga picha, wanarudi makwao. Hakuna ubaya. Lakini kama mwandishi huyo ndiye aliyekufanya ukeshe na taa hadi adhana ya alfajiri, utataka zaidi ya picha. Na muda utakaokuwa naye ni mfupi mno: pengine dakika moja mezani anapokusainia, na swali moja ukumbini ikiwa maiki itakufikia. Maandalizi yote haya ni kwa ajili ya muda huo mfupi, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja, kwamba ufike ukiwa umesoma. Waandishi wetu husifiwa sana na husomwa kidogo. Anayefika na ukurasa fulani kichwani huonekana mara moja, hata akiwa wa sitini kwenye foleni.

Kwanza, zipate habari mapema

Matukio ya fasihi hayabandikwi kwenye nguzo za umeme kama matamasha ya muziki. Tangazo hutoka kwenye ukurasa wa mchapishaji, likazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mara nyingi linakufikia siku mbili kabla, ukiwa umeshapanga mambo mengine. Dawa yake ni kufuata watatu: mwandishi mwenyewe, mchapishaji wake, na duka la vitabu linalouza kazi zake. Huyo wa tatu husahaulika, ilhali duka ndilo hupewa kazi ya kupeleka vitabu ukumbini, kwa hiyo wao hujua tarehe kabla yako na yangu.

Kwa walio Dar es Salaam, angalia Soma Book Café kule Mikocheni, na duka la TPH la wachapishaji Mkuki na Nyota, mtaa wa Samora. Mlimani nako, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, hualikwa waandishi ambao pengine usingewaona kwingine, na milango huwa wazi kwa wasio wanafunzi zaidi ya watu wanavyodhani. Tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2023 imekuwa nafasi nzuri ya kuwaona waandishi wapya kabla hawajazungukwa na watu. Wiki ya 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kila taasisi hutafuta mwandishi wa kumweka meza kuu, nawe chagua.

Nairobi ina mengi zaidi. Maonyesho ya kimataifa ya vitabu hufanyika Sarit Centre, Westlands, kwa kawaida mwezi Septemba, na mabanda ya wachapishaji huwa na waandishi wao wanaopokezana kukaa. Tamasha la Macondo, lililoanza 2019, hukutanisha waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa lugha mbalimbali. Alliance Française na Goethe-Institut huwa na jioni za vitabu mwaka mzima. Kampala, ulizia FEMRITE, chama cha waandishi wanawake. Aliye London aangalie ratiba za Africa Writes, tamasha la fasihi ya Kiafrika, na aliye Ujerumani asiache kufuatilia kongamano la Kiswahili la Bayreuth: ni la wasomi, lakini waandishi huja, na ukumbi si mkubwa. Kumpata mwandishi kwenye chai ya mapumziko Bayreuth ni rahisi kuliko kumpata kwenye uzinduzi wake Dar.

Hapo nina upendeleo wangu, niuseme. Ukiwa na hiari kati ya uzinduzi mkubwa na mazungumzo madogo ya duka la vitabu yenye viti thelathini, chagua viti thelathini. Kwenye uzinduzi mkubwa mwandishi ni bwana harusi. Ana shangazi zake, mkuu wake wa kazi, waandishi wa habari na mgeni rasmi. Wewe ni wa mwisho.

Soma tena, na usome na kalamu

Anza wiki mbili kabla. Usijaribu kusoma kazi zake zote; hutamaliza, na utakwenda na mchanganyiko kichwani. Chukua kimoja, kile unachokipenda zaidi au hicho kinachozinduliwa ikiwa kimeshatoka, ukisome upya polepole. Safari hii ya pili unajua hadithi inaishia wapi, kwa hiyo macho yako yanakuwa huru kuona kazi ilivyofanywa: nani hapewi jina, sura gani ni fupi kupita kiasi, ni wapi msimulizi anaruka miaka mitano kwa sentensi moja.

Weka alama mahali pasipopungua patatu. Tumia penseli au vikaratasi, usikunje pembe za kurasa za nakala utakayosainiwa. Pembeni ya kila alama andika kwa maneno machache kilichokusimamisha. Usiandike “nzuri sana”. Andika kitu kama “mbona mama haulizi?” au “hapa harufu ya karafuu inarudi mara ya tatu”. Kutoka kwenye vinoti hivyo ndipo litazaliwa swali lako, nami sijaona njia nyingine ya kulipata swali zuri.

Kama mwandishi huandika kwa lugha nyingine na kuna tafsiri ya Kiswahili, soma zote mbili walau kwa kurasa chache. Mfano ulio karibu ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021. Riwaya yake *Paradise* ilitoka Uingereza mwaka 1994, ila Kiswahili chake, *Peponi*, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, kilifika mwaka 2022. Miaka 28 ya kusubiri kitabu kirudi kwenye lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake! Msomaji aliyeshika nakala zote mbili mkononi ana la kuzungumza kuliko aliyeshika moja. Amwangalie na mtafsiri pia. Watafsiri huketi pembeni kwenye matukio kama haya, foleni yao huwa ya watu wanne, na wanajua siri za kitabu sentensi kwa sentensi. Mwombe naye asaini. Kuna ukurasa wenye jina lake pia.

Halafu tafuta mahojiano mawili matatu ya mwandishi, usikilize. Lengo ni kujua amekwisha kuulizwa nini mara mia, ili wewe usiwe wa mia na moja.

Nakala halali

Hapa sitazunguka. Usimpelekee mwandishi nakala ya wizi akusainie. Wengi hufanya hivyo bila kujua, kwa sababu nakala bandia huuzwa barabarani pamoja na mitumba halali, na muuzaji mwenyewe pengine hajui tofauti. Zitambue hivi: rangi ya jalada imefifia au picha imekatwa ukingoni, maandishi ya ndani ni hafifu na yamelala upande, gundi ya mgongo inaachia ukifungua katikati, na karatasi ni nyepesi hata unasoma upande wa pili. Mwandishi huitambua akiwa hajaifungua. Atasaini, maana ni muungwana na kuna watu nyuma yako, lakini amesaini hasara yake mwenyewe.

Mtumba halali ni jambo jingine kabisa. Kitabu cha zamani ulichokiokota kwa wale wauzaji wa chini wa Nairobi, wanaoitwa kwa utani “inama bookshop” kwa kuwa lazima uiname kuchagua, kikiwa chapa halali ya miaka ya 1980 chenye muhuri wa shule ya watu, ni hazina. Waandishi wazee hufurahia sana kuona chapa ambayo wao wenyewe hawana tena. Ukiwa nayo, ndiyo ya kwenda nayo.

Ikiwa huna kitabu, nunua ukumbini. Faida inakwenda kwa wanaostahili, na meza ya mauzo ndiyo humwambia mchapishaji kama kuna haja ya kumwalika tena mwandishi huyu. Vitabu si rahisi. Kenya vinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu 2013, na mzigo huo unamwangukia mnunuzi. Uliza bei mapema kwa ujumbe, uweke salio kwenye simu. Meza nyingi hupokea M-Pesa kwa namba ya till, au lipa namba kwa upande wa Tanzania, lakini beba na noti chache, maana mtandao una tabia ya kupotea hasa mahali palipojaa watu wanaolipa kwa wakati mmoja. Nunua ukifika tu. Usisubiri mwisho, vitabu huisha.

Saa, kiti na usafiri

Jisajili hata kama kiingilio ni bure. Waandaaji hupanga viti na vitabu kwa idadi ya waliojisajili.

Soma saa ya tangazo mara mbili. Tangazo la Kiingereza lenye 2:00 PM ni saa nane mchana. Lililoandikwa kwa Kiswahili “saa 2:00” bila “usiku” wala “asubuhi” ni fumbo, mpigie aliyeliandika. Kwa wanaofuatilia mtandaoni kutoka Ulaya, Afrika Mashariki haibadilishi saa zake na ninyi mnabadilisha: mazungumzo ya saa 12 jioni Dar ni saa 9 alasiri London wakati wa baridi, na saa 10 wakati wa kiangazi.

Fika nusu saa kabla, hata ukijua fika kwamba litachelewa kuanza. Litachelewa. Ila nusu saa hiyo si ya kupoteza: ndiyo wakati wa kununua kitabu bila kusukumana, kuchagua kiti, na kumsalimia anayeendesha mazungumzo. Kiti kizuri si cha mbele. Viti vya mbele vimewekewa karatasi za “Reserved” na vitabaki vitupu hadi mgeni rasmi afike. Keti safu ya tatu au ya nne, pembeni kwenye njia, pale mtu wa maiki anapopita. Kutoka hapo unaonekana ukinyoosha mkono, na foleni ikianza unainuka bila kuwakanyaga watu.

Na ujue utarudije. Jioni za vitabu huisha usiku, Westlands hadi Rongai ni safari, Mikocheni hadi Mbagala ni safari.

Cha kubeba

Kitabu kimoja, viwili mwisho. Kalamu ya wino wa kawaida, ya bluu. Bluu kwa sababu saini nyeusi kwenye ukurasa uliochapwa nyeusi huonekana kama imechapwa nayo. Ya kawaida kwa sababu karatasi ya vitabu vingi vyetu hunywa wino, na maka peni itatokeza hadi sura ya kwanza. Kikaratasi chenye jina lako kwa herufi kubwa, nitaeleza matumizi yake. Daftari dogo. Simu yenye chaji. Basi. Acha fremu za picha, acha keki, na ikiwa mwandishi amesafiri kwa ndege, acha kila zawadi iliyo nzito kuliko barua.

Ukumbini

Kama ni uzinduzi wa kwetu, jiandae kwa itifaki. Kutakuwa na sala au wimbo wa taifa, kutakuwa na utambulisho wa wageni, na wazungumzaji saba watasema “itifaki imezingatiwa” kisha waizingatie upya kwa dakika tano. Mgeni rasmi atakata utepe, na huenda akanunua nakala ya kwanza kwa fedha nyingi, na MC ataanza kuwaita wengine wachangie. Usiogope kipindi hicho wala usikionee aibu. Ni harambee ya kulipia gharama za uchapaji, na waandishi wengi hujichapishia wenyewe. Una hiari ya kukaa kimya na kununua nakala moja kwa bei ya mezani. Hakuna atakayekutazama, maana wote wanamtazama mbunge.

Mwandishi akianza kusoma, hapo ndipo uweke simu chini. Rekodi za simu za watu wakisoma huwa hazisikilizwi tena na yeyote. Wewe fungua kitabu ukurasa huohuo, umfuate kwa macho. Utagundua mahali anapopumzika ambapo hapana nukta, na mara nyingine utasikia amebadilisha neno. Neno lililobadilishwa ni dhahabu. Andika ukurasa kwenye daftari. Mwandishi anayehariri kitabu kilichokwisha kuchapishwa ana habari ya kukupa.

Akiwa mshairi, mambo hubadilika kidogo. Ghani ni nusu ya shairi, na pwani shairi zuri husikilizwa kwa masikio yanayohesabu mizani. Kwa malenga, ombi huzaa kuliko swali. Mwombe aghani shairi fulani, ulitaje kwa jina na ubeti uupendao. Hakuna mshairi niliyemwona akikataa.

Swali

Hili ndilo wengi huliharibu, na huliharibu kwa njia ileile. Mtu anapewa maiki, anasimama, anasema: “Asante sana, mwendesha mazungumzo. Kwanza niungane na wenzangu walionitangulia kumpongeza mwandishi wetu. Mimi kwa majina naitwa fulani, natokea mahali fulani, na nina maswali matatu na maoni mawili kwa ufupi.” Ukumbi unaguna. Anapofika swali la pili, mwandishi amekwisha kusahau la kwanza, na atajibu lililo rahisi.

Andika maswali matatu nyumbani, chagua moja, hayo mawili ni akiba, maana kuna atakayekutangulia. Liseme kwa sauti chumbani peke yako. Likizidi sekunde ishirini, punguza. Muundo unaofaa ni sentensi mbili: ya kwanza inataja mahali kwenye kitabu, ya pili inauliza. Tuseme ni riwaya ya baba aliyepotea:

“Sura ya nne, baba anarudi kutoka Tanga baada ya miaka sita, na hakuna mtu nyumbani anayemuuliza alikuwa wapi. Uliwahi kuandika tukio la kumuuliza ukalifuta, au halikuwapo tangu mwanzo?”

Tazama kinachofanyika. Ambao hawajasoma wameelewa bila kuharibiwa hadithi, kwani sura ya nne si mwisho. Mwandishi ameonyeshwa kwamba mtu alisoma. Na hawezi kujibu kwa “ndiyo” au kwa hotuba ya umuhimu wa fasihi katika jamii. Lazima arudi jikoni kwake akumbuke alichofanya. Maswali ya “ulifanyaje” hupata majibu bora kuliko ya “ulimaanisha nini”. La pili linamtaka afasiri kazi yake, na wengi hawapendi. La kwanza linamtaka asimulie, na kusimulia ndiyo kazi yake.

Yapo ya kuyaacha. “Je, hiki ni kisa chako mwenyewe?” linaudhi, hasa kwa waandishi wanawake, ambao huulizwa hilo kila siku kana kwamba hawana uwezo wa kubuni. Kama kweli unataka kujua, uliza ni kipi ilibidi akitafute na kipi alikuwa tayari anakijua. Atakuambia kadiri anavyotaka. “Una ushauri gani kwa waandishi chipukizi?” halina kosa, ila jibu lake unalo tayari: asome, aandike, asikate tamaa. Swali linalofichua mwisho wa riwaya ukumbini, usiulize hata likiwa zuri; lihifadhi la mezani. Na mwanafunzi ambaye kitabu hicho ni cha kutahiniwa, tafadhali, usimwombe mwandishi akutajie maudhui na dhamira. Kwanza, mtahini hasahihishi kwa majibu ya mwandishi. Pili, uko mbele ya mtu pekee duniani anayejua kwa nini mhusika yule alikufa, nawe unamwomba noti.

Siri ndogo: swali la kwanza huwa halina mwenyewe. Mwendesha mazungumzo akisema “sasa tunakaribisha maswali”, ukumbi hunyamaza, kila mtu akimsubiri mwenzake. Wewe uliyejiandaa nyoosha mkono hapohapo. Baada ya dakika kumi mikono itakuwa ishirini na muda umekwisha.

Lugha? Mwandishi akijua Kiswahili, uliza kwa Kiswahili hata kama mazungumzo yote yamekwenda kwa Kiingereza. Mwendeshaji atatafsiri kwa wasioelewa. Nimeona mara kadhaa jibu la mtu likibadilika sauti kabisa alipoulizwa kwa lugha ya kwao.

Salamu na heshima

Mzee, mtu wa makamo ya mama yako, unamwamkia. Tanzania ni “shikamoo” kabla ya jambo lolote, hata foleni iwe ndefu namna gani. Ni neno moja. Nairobi “shikamoo” haina nguvu hiyo, “habari yako, Profesa” au “Mwalimu” inatosha. Zanzibar, “Maalim” kwa msomi au mwalimu, na “Bi” pamoja na jina lake la kwanza kwa mwanamke. Wa rika lako muite Dada au Kaka, usimzeeshe. “Mheshimiwa” waachie wabunge. Ukiwa hujui kama ana shahada ya uzamivu, usimpe. “Mwandishi” au “Ndugu mwandishi” haijawahi kumkosea mtu.

Mkono usitangulize wewe kwa mtu wa jinsia nyingine pwani. Weka wako kifuani, yeye akiunyoosha, pokea.

Mezani

Foleni ikianza, fungua kitabu kwenye ukurasa wa jina, ule wa ndani wenye jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji. Ndipo panaposainiwa. Jalada la gamba laini linang'aa, wino utafutika na vidole. Weka kikaratasi chako cha jina hapohapo, kikichungulia. Kazi yake utaielewa ukifikiria Asha, Aisha na Aysha, au Abdallah, Abdalla na Abdulla, na mwandishi ambaye masikio yake yamechoka kwa kelele za ukumbi. Likikosewa kwa wino limekosewa. Kama ni zawadi, andika kabisa: “Kwa Mama Zuhura, kutoka kwa binti yake.” Ikiwa unataka saini tu bila jina, sema, wapo wanaopenda hivyo.

Picha ipangwe kabla hujafika. Fungua kamera, mpe simu aliye nyuma yako, mwambie utamfanyia vivyo hivyo. Kisha mwombe mwandishi ruhusa. Usimzungukie nyuma ya kiti ukamshika bega.

Sasa una kama dakika moja. Atakuwa ameinamisha kichwa akiandika, na wengi hapo hukosa la kusema, wakasema “kitabu chako ni kizuri sana”, akajibu “asante sana”, mwisho. Tumia kile kinoti chako cha pembeni. “Ukurasa wa 87, pale bibi anapozima kibatari. Nilisoma mara tatu.” Nyamaza. Acha aseme yeye. Mara nyingi atainua kichwa, na hapo ndipo yalipo mazungumzo uliyoyajia, hata yakiwa ya sentensi mbili. Watu wa nyuma wakianza kukohoa, shukuru uondoke. Foleni ikiisha, waandishi wengi hubaki wakizungumza na wachache waliongoja, basi nawe ngoja ukitaka zaidi.

Muswada wako usiutoe mkobani. Najua uko nao. Mwandishi hana mahali pa kuuweka, hana muda, na akiusoma kuna mambo ya haki za kazi yanayowafanya wengi wakatae kabisa. Badala yake mtafute mtu wa mchapishaji, yule anayehangaika na maboksi na mashine ya risiti. Muulize wanapokea miswada lini, ya aina gani, na kwa anwani ipi. Huyo ndiye unayemhitaji, na kwa kawaida hakuna mtu mwingine anayemsemesha usiku mzima.

Wino ukaushe kabla ya kufunga kitabu. Kikaratasi chako cha jina sasa kinafaa kuwekwa katikati ya kurasa mbili kisichafue.

Ukifika nyumbani

Andika usiku huohuo ulichosikia, hasa jibu la swali lako, kwa maneno yake kadiri unavyokumbuka. Wiki ikipita utabaki na kiini tu, na kiini cha majibu ya waandishi hufanana.

Kisha andika mapitio, hata mistari kumi, uyaweke mahali panaposomeka, umtaje mchapishaji. Kwa vitabu vya Kiswahili jambo hili lina uzito kuliko unavyodhani: riwaya nyingi nzuri hazina hata mapitio mawili mtandaoni, na mtu anayetafuta jina la kitabu akakuta maneno yako atakuwa amekuta karibu kila kitu kilichopo. Ikiwa ulikuwa na mengi ya kumwambia mwandishi yasiyoenea dakika moja, mwandikie barua kupitia mchapishaji. Hufika, japo polepole.

Nakala yenyewe, kwa walio pwani, isikae rafu iliyogusa ukuta; unyevu huleta ukungu na mchwa wanajua njia. Na usiiazimishe. Ukiombwa, kuwa na nakala ya pili isiyo na saini kwa kazi hiyo. Hiyo haitarudi, lakini hiyo si hoja.